Ukurasa wa Fundi Badru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Sabiha alikunywa uji. Aliunywa wote, akasuuza kikombe, akakifunika mezani. Hakuna aliyemwambia anywe. Mama yake, Bi Najat, alikuwa uani akijaza upepo tairi la nyuma la baiskeli, na alipomaliza aliita mara moja tu.

"Sabiha! Mkoba, chupa ya maji, ushungi. Twende."

Zamani haikuwa hivyo. Baba yake alipokuwa hai, uji ulikuwa vita vya kila asubuhi. Ukiwa mwepesi, Sabiha alisema ni maji. Ukiwa mzito, alisema ni gundi. Baba, fundi Badru, alikaa kwenye kigoda akiwa ameshika kikombe na kumbembeleza funda kwa funda, kila funda kituo kimoja cha safari ya kwenda mpakani.

"Funda la Pangani. Hilo. Funda la Tanga. Funda la Moa. Haya, Horohoro ile pale, fungua geti tuvuke."

Sabiha alifunga mdomo makusudi, ili geti libembelezwe zaidi.

Mwaka uliopita baba aliugua siku tisa, akafariki. Tangu hapo Sabiha hunywa uji bila kusukumwa. Hana wa kumkatalia. Bi Najat si mtu wa kubembeleza. Yeye huweka kikombe mezani na kwenda kwenye kazi inayofuata.

Walitoka Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, mama akiendesha na Sabiha amekaa nyuma. Mama alimshusha shuleni, kisha akaendelea hadi kiwandani. Saa tisa alasiri Sabiha alitoka darasa la sita, akatembea hadi kiwandani hapohapo, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu.

Kiwanda chenyewe kilitengeneza sabuni za mche kwa mafuta ya nazi. Baba alikuwa fundi wa kuchanganya. Mama alikuwa, na bado ni, mtunza stoo. Sabiha alipewa pembe moja ya meza ya mama na amri moja.

"Hapa ni pa kufanyia kazi za shule. Kompyuta hiyo ni ya kiwanda. Usiiguse."

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na kitu ambacho wafanyakazi walikiita Daftari. Halikuwa la karatasi. Lilikuwa programu ya aina ambayo wataalamu huiita wiki, na haina uhusiano wowote na siku saba. Ilikuwa na kurasa nyingi: namna ya kupokea nazi kavu, namna ya kusafisha mashine, namna ya kuchanganya sabuni, nini kifanyike umeme ukikatika. Kila mfanyakazi aliingia kwa jina lake na nywila yake. Aliyejua jambo aliliandika, na aliyeona kosa alilisahihisha. Kabla ya Daftari, kila fundi aliuweka ujuzi wake kichwani. Alipougua au kuhama, kiwanda kilianza kubahatisha.

Kwenye chumba cha kuchanganyia, kishikwambi kilitundikwa msumarini ndani ya mfuko wa nailoni. Ukutani, Bwana Hashil, mwenye kiwanda, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: FUNGUA UKURASA KABLA YA KUFUNGUA MFUKO. Mfuko aliousema ni wa kostiki, ile dawa nyeupe kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kostiki haina mzaha. Ikizidi kipimo, sabuni inachoma ngozi.

Miezi miwili baada ya mazishi, Sabiha aliinua macho kutoka kwenye hesabu zake akaona jina la baba yake kwenye kioo cha kompyuta. Mama alikuwa ametoka kwenda kupokea mzigo, ameacha ukurasa wazi. *Kuchanganya sabuni. Umebadilishwa na Badru.* Sabiha aliweka kalamu chini, akasoma.

*Kwanza maji, halafu kostiki. Usigeuze. Maji ndiye mwenye nyumba, kostiki ni mgeni. Mgeni akimkuta mwenye nyumba amekaa, anaingia kwa adabu. Mgeni akimwagiwa mwenye nyumba juu, patalipuka ugomvi, na utakaoumia ni uso wako.*

*Kwa kila kilo mia za mafuta ya nazi, kostiki kilo ishirini.*

*Koroga bila haraka mpaka mwiko uache njia nyuma yake, mzito kama ule uji anaoukataa binti yangu Sabiha.*

Sabiha alisoma mstari wa mwisho mara nne. Alimsikia kabisa, sauti na kicheko chake. Alijikuta anafunga mdomo kama mtu anayesubiri funda.

Kuanzia siku hiyo aliusoma kila alasiri. Haikuwa kazi ngumu. Mama alipotoka kwenda stoo, kompyuta ilibaki wazi, na mara nyingi ilikuwa wazi kwenye ukurasa huohuo. Sabiha hakujiuliza kwa nini. Aliunakili ukurasa wote kwenye daftari lake la Kiswahili, lakini haikuwa sawa. Katika daftari lake, baba alikuwa mwandiko wa Sabiha tu. Kule kiwandani watu wazima walimsoma baba kila asubuhi na wakafanya alivyosema. Ilikuwa kama bado anakwenda kazini.

Jumatano moja ya mwezi wa tatu, Sabiha alifika, akasubiri mama atoke, akavuta kiti. Ukurasa ulikuwa umebadilika.

*Koroga kwa dakika arobaini.*

Basi. Uji haupo. Binti hayupo. Juu kabisa paliandikwa: *Umebadilishwa na Bibiana.*

Bibiana alikuwa msimamizi mpya wa uchanganyaji. Alikuja kutoka Muheza miezi minne nyuma, mwanamke mrefu mwenye kalamu sikioni, asiyependa maneno mengi. Sabiha alimwamkia kila siku naye akaitika vizuri. Siku hiyo alimchukia kwa moyo wake wote.

Kulikuwa na mabadiliko mengine kwenye ukurasa. Kilo ishirini zilikuwa zimegeuka kilo kumi na nane. Sabiha hakuziona. Macho yake yaliganda kwenye mstari mmoja uliokosekana.

Alibonyeza neno *Historia*. Daftari huweka kila toleo la kila ukurasa, jipya na la zamani, na jina la aliyeandika. Orodha ilifunguka. Alitafuta jina la Badru, akaligusa, na ukurasa wa zamani ukatokea pamoja na kitufe kilichoandikwa *Rudisha*. Chini yake palikuwa na kisanduku chenye swali: *Kwa nini umebadilisha?*

Sabiha alikiacha kisanduku kitupu. Alibonyeza.

Uji ulirudi. Binti alirudi. Kilo ishirini nazo zilirudi, na juu ya ukurasa jina likawa la mama yake, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa ameingia. Sabiha hakuliona wala hakujali. Mlangoni alipita Ernesti, mchanganyaji, aliyetoka likizo ya majuma matatu, ameshika fomu mkononi.

"Ee, mwanafunzi! Mama yupo?"

"Shikamoo, anko. Yuko getini anapokea nazi."

"Marhaba. Basi mwambie kesho narudi mzigoni." Aliiacha fomu mezani, akaondoka. Kule mlangoni alipishana na Bi Najat.

Alhamisi Ernesti alifungua ukurasa, kisha akafungua mfuko. Alimimina, akakoroga, akajaza masanduku yote ya kugandishia. Yalitosha kutoa miche mia nane.

Ijumaa Sabiha alifika kiwandani na kukuta watu wamejaa bombani. Katikati alikuwa amekaa Bi Tausi, mkata sabuni, mikono yote miwili chini ya maji yanayotiririka. Bi Tausi ndiye aliyekuwa akimwekea Sabiha kashata kwenye karatasi kila Ijumaa. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, na kwenye vidole ngozi ilikuwa imeanza kuinuka.

"Ongeza maji," Bibiana alimwambia mlinzi. "Usifunge. Robo saa nzima, halafu zahanati."

"Mimi nimekata sabuni miaka kumi na moja," Bi Tausi alisema huku akiuma meno. "Haijawahi kuning'ata. Leo imenigeuka."

"Na glavu?"

"Zinateleza, dada. Nani anakata mche kwa glavu?"

"Kuanzia leo, wewe," Bibiana alisema. Kisha akamgeukia Ernesti. "Umeweka kilo ngapi?"

"Ishirini."

"Ishirini! Hii mifuko mipya ni mikali kuliko ile ya zamani, nimeandika kumi na nane!"

"Wapi?" Ernesti alikwenda kuchukua kishikwambi, akaja nacho kifuani kama mtu aliyebeba cheti chake. "Ukuta umesema nifungue ukurasa kabla ya kufungua mfuko. Nimefungua. Ukurasa umesema ishirini. Nimeweka ishirini. Kosa langu liko wapi?"

Bwana Hashil alikichukua kishikwambi, akavaa miwani, akabonyeza *Historia*. Sabiha alijisogeza nyuma ya mlinzi.

"Jumatano, saa kumi na dakika arobaini na mbili jioni," Bwana Hashil alisoma polepole. "Najat amerudisha toleo la zamani. Sababu... hamna sababu."

Watu wote walimtazama Bi Najat.

"Sikugusa," alisema. "Wakati huo nilikuwa getini napokea nazi. Muulize mlinzi."

"Ni kweli, bosi," mlinzi alisema.

"Basi nani aliingia kwa jina lako?"

"Sijui. Nitajua."

"Kesho Jumamosi, saa sita mchana, nataka jina," Bwana Hashil alisema. "Miaka yote hii Daftari limetusaidia kwa sababu tunaliamini. Likianza kudanganya, ni afadhali turudi kwenye kubahatisha. Asipopatikana mtu, Bi Najat, jina lililoandikwa hapa ni lako."

Njia nzima mama alikanyaga pedali kwa nguvu. Walipofika nyumbani alishusha ungo, akaanza kuchambua mchele kwa kasi, mawe yakirukia sakafuni.

"Ernesti alipita ofisini Jumatano," alisema ghafla. "Nilimkuta anatoka. Alikuwa hajui kuhusu mifuko mipya. Huenda aliona kumi na nane akadhani ni makosa, akarudisha, sasa anaogopa kusema. Wewe ulikuwa mezani. Ulimwona akigusa kompyuta?"

Hapa Sabiha angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Lakini alifikiri: nikisema, nitafukuzwa pale ofisini. Sitausoma tena. Watamfuta baba, safari hii moja kwa moja.

"Sikuangalia," alisema.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Hesabu."

Mama alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye mchele. "Basi kesho nitamtaja Ernesti. Mtu mwingine sina."

Asubuhi mama alikwenda kazini. Jumamosi kiwanda hufanya kazi hadi saa saba. Alimwachia Sabiha bakuli la wali na samaki wa nazi.

"Mpelekee Bi Tausi. Hawezi kupika. Mpe pole, msaidie, urudi."

Bi Tausi aliishi barabara mbili mbele. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo, kama mtu aliyevaa soksi za mikononi.

"Shikamoo, Bi Tausi. Pole."

"Marhaba, mwanangu. Karibu. Nishapoa. Ila umenikuta nimekuwa mwali, siruhusiwi kugusa chochote." Alicheka peke yake. "Lete kijiko humo kabatini. Mimi na kijiko! Mara ya mwisho nilikuwa sijaota meno."

Kijiko kilimshinda. Bandeji ziliteleza, wali ukamwagika kifuani. Alijaribu tena, ukamwagika tena, na safari hii hakucheka. Sabiha alinawa mikono, akakaa karibu yake, akatengeneza tonge dogo, akalipeleka mdomoni mwake.

Bi Tausi alitafuna akitazama pembeni. Mtu mzima akilishwa huona haya.

"Marehemu baba yako alikuwa akinisimulia jinsi unavyomsumbua kwa uji," alisema baada ya muda. "Alifika kazini na madoa ya uji kwenye shati, anacheka. Anasema leo tumekwama Moa, Horohoro hatukufika. Ewe Sabiha, mbona unalia?"

Sabiha alifuta uso kwa mkono wa kushoto. Tonge lilikuwa mkononi mwake.

"Saa ngapi, Bi Tausi?"

"Itakuwa saa tano na nusu."

"Nitarudi. Wallahi nitarudi kukulisha." Alimaliza kumlisha matonge matatu yaliyobaki, akanawa, akatoka mbio bila kuchukua bakuli.

Alifika kiwandani akiwa hana pumzi. Katika ofisi ya Bwana Hashil walikuwamo mama yake, Bibiana na Ernesti. Ernesti alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mama alikuwa amesimama.

"Jumatano jioni," mama alikuwa akisema, "aliyepita ofisini kwangu ni..."

"Ni mimi," Sabiha alisema.

Wote waligeuka.

"Anko Ernesti hakugusa. Aliweka fomu akaenda. Ni mimi niliyebonyeza. Mama alinikataza kugusa kompyuta, nikagusa. Siku zote nagusa. Na jana nilimdanganya."

Feni ilizunguka juu.

"Kwa nini?" Bibiana aliuliza. Sauti yake haikuwa kali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ulifuta uji."

"Nilifuta nini?"

"Uji wangu. Mstari wa baba. Nilitaka urudi mstari mmoja tu. Sikujua kilo nazo zitarudi. Sikuzitazama." Kisha maneno yakatoka yote kwa pamoja. "Msimtaje anko Ernesti. Msimfukuze mama. Nami sitakuja tena hapa. Ila naomba msimfute baba."

Ernesti aliachia pumzi ndefu. Alivaa kofia, akaivua tena. Bi Najat alikuwa ametazama dirishani, na uso wake haukuonekana.

"Ernesti," alisema bila kugeuka, "nilikuwa nataka kukutaja wewe. Bila ushahidi. Unisamehe."

"Yameisha, shemeji."

Bwana Hashil alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. "Bi Najat, kuacha kompyuta wazi na jina lako ndani ni kosa lako, si la mtoto. Barua ya onyo utaipata Jumatatu."

"Nastahili," mama alisema.

"Na sabuni?" Sabiha aliuliza kwa hofu.

"Sabuni itapona," Bibiana alisema. "Haijatoka hata mche mmoja. Tutaikatakata, tuiyeyushe, tuongeze mafuta mpaka kostiki ipate kazi ya kufanya. Mikono ya Tausi ndiyo itakayochelewa." Alichomoa kalamu sikioni, akavuta kiti mbele ya kompyuta ya Bwana Hashil. "Njoo hapa. Wewe unajua kubonyeza *Historia*. Unajua kuisoma?"

Sabiha alisogea.

"Uliposhuka ukamkuta baba yako, ulisimama. Hukushuka hadi chini. Soma toleo la kwanza kabisa. Nani aliandika?"

"Mwinyijuma," Sabiha alisoma.

"Alikuwa fundi kabla ya baba yako," Bwana Hashil alisema. "Mzee sana. Yeye alisema, Badru akamwandikia, maana mzee kompyuta hakuitaka. Endelea."

*Kwanza maji, halafu kostiki. Usigeuze. Maji ndiye mwenye nyumba, kostiki ni mgeni.* Maneno yaleyale. Sabiha alihisi kama mtu aliyefungua sanduku la baba yake na kukuta shati la mtu mwingine. Chini yake paliandikwa: *Kostiki kilo ishirini na mbili.*

"Ishirini na mbili?"

"Sasa gusa toleo linalofuata. La Badru. Soma kile kisanduku ulichokiacha kitupu. Yeye hakukiacha."

*Kwa nini umebadilisha?* Na chini yake, jibu la baba yake:

*Mzee Mwinyijuma, shikamoo. Nimepunguza kilo mbili. Mifuko ya sasa si ile ya enzi zako, nimeipima mara tatu. Maneno yako ya mgeni na mwenye nyumba nimeyaacha, sikuweza kuyashinda. Nimeongeza la uji ili wanaosoma wajue uzito wenyewe. Atakayekuja baada yangu naye apime, abadilishe, aseme sababu. Nisiachiwe makosa yangu kwa heshima.*

Sabiha alisoma hadi mwisho, akarudia sentensi ya mwisho. Machozi yalimshuka, hakuyafuta.

"Nimebadilisha kilo kwa sababu aliniagiza," Bibiana alisema. "Sikumjua, lakini aliniagiza. Mstari wa uji niliufuta kwa sababu nilidhani ni mzaha."

"Si mzaha, dada Bibiana," Ernesti alisema. "Dakika arobaini zako siku ya joto ni nyingi, siku ya mvua hazitoshi. Mwiko ukiacha njia, hapo ndipo. Mimi miaka yote nakoroga kwa ule uji."

Bibiana alimtazama. "Mbona hukuandika?"

"Nilikuwa likizo."

"Basi na mimi nilikosea." Bibiana aliingia kwa jina lake, akafungua ukurasa. Aliandika kilo kumi na nane. Akaandika kwamba mkata sabuni avae glavu zenye mikunjo kiganjani, zisizoteleza, na akamwomba Bwana Hashil azinunue. Kisha akarudisha mstari wa uji, neno kwa neno, na kwenye kisanduku akaeleza sababu.

"Umeridhika?" alimuuliza Sabiha.

Sabiha alisoma. *...mzito kama ule uji anaoukataa binti yangu Sabiha.* Aliusoma mstari alioulilia miezi yote. Kwa mara ya kwanza aliona una kasoro.

"Anti Bibiana, hapa si kweli tena."

"Wapi?"

"Anaoukataa. Siku hizi naunywa."

Bibiana alisimama, akampisha kiti. Bwana Hashil hakukataza. Sabiha aliandika polepole, kwa kidole kimoja: *mzito kama ule uji ambao binti yangu Sabiha alikuwa akiukataa.* Alipofika kwenye kisanduku hakukiacha kitupu. *Kwa nini umebadilisha?*

*Baba, shikamoo. Siku hizi ninaunywa wote. Sabiha.*

Saa saba mama na Sabiha walitoka. Mama hakupanda baiskeli, aliikokota, na Sabiha alitembea upande wa pili. Walipita maduka ya nguo, walipita wauza machungwa. Karibu na msikiti mama alianza kusema.

"Kwa Bi Tausi utakwenda kila siku mpaka bandeji zitoke. Utamlisha, utamfulia. Sitakukumbusha."

"Ndiyo, mama."

"Kwa Ernesti utaomba msamaha mwenyewe Jumatatu. Mimi nimeomba wangu, wako sikuuomba."

"Ndiyo, mama."

"Kumkumbuka mtu si kosa. Kosa ni kuficha, halafu kudanganya, halafu kukaa kimya mwingine akibeba. Ulichobonyeza kilikuchukua sekunde moja. Ulichonyamaza jana kingemharibia mtu jina lake maisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na jambo jingine. Maneno ya baba yako yalikuwa kazi, hayakuwa picha ya ukutani. Ukitaka yaishi, acha watu wayatumie na wayarekebishe. Yeye mwenyewe kasema. Si umesoma?"

"Nimesoma." Sabiha alitembea hatua chache. "Mama, ulijua kwamba uji umefutwa?"

Mama alisimama. Alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Mimi ni mtunza stoo," alisema. "Ukurasa wa kuchanganya sabuni haunihusu. Unadhani ni nani alikuwa anauacha wazi kila siku?"

Sabiha alimtazama.

"Jumatano mchana niliufungua, nikatafuta mstari wako, haupo. Nikatoka kwenda kupokea nazi, nikahesabu mzigo mara mbili, sikupata idadi. Alhamisi sikuufungua tena. Ningeufungua, ningeona kilo ishirini, na Tausi angekuwa na mikono yake." Alibana breki, akaiachia. "Kwa hiyo hata mimi nilificha. Tungekuwa tumeambiana, wewe na mimi, haya yote yasingetokea. Siku nyingine ukimkumbuka, niambie. Na mimi nitakuambia. Tusimsome kwa kuviziana."

Alipanda baiskeli, akaweka mguu mmoja chini, akasubiri. Sabiha alikaa nyuma, akamshika mama kiunoni, na hakulegeza mpaka Barabara ya Kumi na Nne.

Kesho yake asubuhi uji ulikuwa mezani kama kawaida. Lakini mama hakwenda uani. Alivuta kigoda, akakaa, akakishika kikombe yeye mwenyewe, bila kutabasamu, kama mtu anayefanya kazi ambayo hajawahi kufundishwa.

"Haya," alisema. "Funda la Pangani."